Afyuni: Hazina ya vita visivyokwisha nchini Burma

WAZEE waliopigana katika kikosi cha KAR walirejea nyumbani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia wakiwa na jina moja midomoni: Burma. Askari hao kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa wamepita bonde la Kabaw msimu wa mvua mwaka wa 1944, matope yakiwafika magotini, wakiwafurusha Wajapani hadi mto Chindwin.

Kwao, vita vya Burma vilikwisha 1945. Kwa wenyeji wa nchi hiyo, ambayo watawala wake wa kijeshi waliibadilisha jina mwaka wa 1989 ikaitwa Myanmar, vita vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza.

Nchi hiyo ilijinyakulia uhuru kutoka kwa Uingereza Januari 4, 1948. Kabla ya mwaka huo kumalizika, tayari ilikuwa na waasi misituni. Miaka zaidi ya 75 imepita na bunduki hazijanyamaza. Mtoto aliyezaliwa siku ya uhuru amekuwa ajuza au shaibu bila kuona hata mwaka mmoja ambapo pembe zote za nchi yake zilikuwa na amani.

Katika kipindi hicho, wanajeshi wamepindua serikali mwaka wa 1962, wakazima uasi wa raia na kujipanga upya 1988, kisha wakapindua tena Februari 1, 2021.

Wachanganuzi wengi hueleza mgogoro huo kwa kutaja makabila, dini na ubaguzi. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, chuki pekee haiwezi kupigana kwa miongo minane. Askari lazima ale, risasi lazima inunuliwe na kamanda lazima awe na cha kuwagawia watu wake. Mkono mtupu, walisema wahenga, haulambwi.

Mkono uliolambwa katika milima ya Burma kwa muda wote huo umekuwa na utomvu wa mpopi. Afyuni, heroini itokanayo nayo, na sasa tembe za methamfetamini, ndizo zimekuwa hazina ya vita. Ajabu ni kuwa zimewafaa waasi na wanajeshi wa serikali kwa pamoja, na ndiyo sababu hakuna upande uliopata haja ya kweli ya kuzimaliza.

Ili kuelewa jambo hili, ni muhimu kwanza kutazama zao lenyewe. Jimbo la Shan, linalopakana na China, Laos na Thailand, ni nchi ya milima mirefu na barabara chache. Mkulima anayelima mahindi au chai huko hukabiliwa na swali la namna ya kuyafikisha sokoni. Kufikia wakati anamaliza kulipa wapagazi na kutoa hongo katika kila kizuizi cha barabarani, faida imekwisha.

Afyuni haina taabu hiyo. Hupandwa mwishoni mwa mvua na kuvunwa miezi michache baadaye. Utomvu wake ukikauka haupondeki wala hauozi. Waweza kuwekwa chini ya kitanda hadi bei ipande. Mzigo wa punda mmoja hushinda thamani ya lori la mahindi. Fauka ya hayo, mnunuzi huja mwenyewe hadi mlangoni, na mara nyingi hutoa mkopo wa mchele kabla ya mavuno.

Sifa hizo zinazomfaa mkulima ndizo zinazomfaa kamanda. Anayemiliki njia ya mlimani hana haja ya kulima wala kuuza. Hutoza ushuru tu. Humtoza mkulima, humtoza mchuuzi, humtoza mwenye mtambo wa kugeuza afyuni kuwa heroini, na humtoza anayeivusha mpakani. Takriban kilo 10 za afyuni hutoa kilo moja ya heroini, na kwa kila hatua bei huongezeka maradufu. Basi hata asilimia ndogo ya mapato hayo hutosha kulisha jeshi.

Waliofunza somo hilo kwanza hawakuwa Waburma. Baada ya Wakomunisti kutwaa mamlaka China mwaka wa 1949, mabaki ya jeshi la chama cha Kuomintang yalivuka mpaka kutoka mkoa wa Yunnan yakaingia Shan. Idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, iliwapa silaha kwa matumaini kuwa wangerudi kumpiga Mao Zedong. Walijaribu wakashindwa.

Wakiwa wamekwama ugenini, majenerali hao waligeukia afyuni. Mmoja wao, Tuan Shi-wen, alikuja kukiri mbele ya mwanahabari wa Uingereza miaka ya sitini kwamba jeshi lahitaji bunduki, bunduki zahitaji fedha, na katika milima ile fedha pekee iliyopatikana ilikuwa afyuni. Hakuna msomi ambaye amewahi kulieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko yeye.

Uvamizi huo ulizaa matokeo mawili, na yote yangali yanaiandama nchi hiyo. La kwanza, ulimaji wa afyuni, ambao enzi ya Waingereza uliruhusiwa kwa leseni katika sehemu chache, ulienea ukawa biashara ya magendo ya kimataifa. Eneo linalounganisha Burma, Laos na Thailand lilipata jina la Pembetatu ya Dhahabu.

La pili halizungumziwi sana. Serikali ya Waziri Mkuu U Nu, baada ya kulalamika katika Umoja wa Mataifa mwaka wa 1953, ililazimika kuongeza ukubwa wa jeshi na kulipeleka Shan ili kuwakabili wageni hao. Wanajeshi wakawa watawala wa wilaya, mahakimu na watoza kodi. Raia wa Shan wakajikuta kati ya majeshi mawili ya kigeni machoni pao. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Vijana wa Shan walianza kuingia msituni mwishoni mwa miaka ya hamsini. Watawala wao wa jadi nao walidai mfumo wa shirikisho wenye haki zaidi. Jenerali Ne Win aliposhika mamlaka Machi 2, 1962, kisingizio chake kilikuwa kwamba madai hayo yangeisambaratisha nchi. Jeshi lililokuzwa ili kumfukuza mlanguzi lilikuwa limekua vya kutosha kumfukuza waziri mkuu.

Utawala wa Ne Win ulitaifisha benki, viwanda na maduka. Bidhaa zikaadimika. Vitambaa, dawa, sabuni na vipuri vikawa vinatoka Thailand kwa njia za panya, na kilichokwenda Thailand kuvilipia kilikuwa, pamoja na mawe ya thamani na ng'ombe, afyuni. Sera iliyokusudiwa kuimarisha dola iliishia kumtajirisha mwenye punda na bunduki.

Mnamo 1963, serikali hiyo ilibuni mpango ambao wadadisi wa masuala ya Burma hawaachi kuutaja. Ilikuwa haina fedha za kupigana na waasi wote. Hivyo iliunda vikosi vya wanamgambo vilivyojulikana kama Ka Kwe Ye, ikavikabidhi jukumu la kupambana na waasi katika maeneo yao. Badala ya mshahara, makamanda wake waliachiwa watumie barabara na miji iliyodhibitiwa na serikali kusafirishia afyuni.

Huo ndio uliokuwa mkataba wenyewe, ingawa haukuandikwa popote: pigana upande wetu, nasi tutageuza macho.

Mkataba huo uliwatoa watu wawili ambao majina yao yalikuja kujulikana duniani kote. Wa kwanza ni Lo Hsing Han wa Kokang. Wa pili ni Chang Chi-fu, aliyezaliwa mwaka wa 1934, ambaye ulimwengu ulimfahamu kwa jina la Khun Sa.

Khun Sa alikusanya nguvu upesi kiasi kwamba mwaka wa 1967 alipeleka msafara mkubwa wa punda na wapagazi wenye afyuni ipatayo tani 16 hadi Laos, bila kulipa ushuru kwa majenerali wa Kuomintang waliozoea kuutoza. Majenerali hao walimfuata wakamshambulia kando ya mto Mekong. Mapigano yalipopamba moto, kamanda mkuu wa jeshi la Laos, Jenerali Ouane Rattikone, alituma ndege zikawapiga mabomu wote wawili, kisha askari wake wakajitwalia mzigo.

Tukio hilo lina kinaya chake. Jeshi la taifa huru liliingia vitani, na ngawira yake ilikuwa shehena ya mihadarati.

Khun Sa alikamatwa mwaka wa 1969. Wafuasi wake waliwateka nyara madaktari wawili wa Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata akaachiliwa. Alirudi mpakani akajitangaza kuwa mpigania uhuru wa Shan, na kufikia miaka ya themanini jeshi lake lilikuwa na maelfu ya askari. Mashtaka yaliyotangazwa New York mwaka wa 1990 yalimtaja kama mlanguzi mkuu wa heroini, na Marekani ikaahidi zawadi ya dola milioni mbili kwa atakayefanikisha kukamatwa kwake.

Januari 1996 alijisalimisha, lakini kwa serikali ya kijeshi ya Burma. Majenerali walikataa kumpeleka Marekani. Aliishi Yangon kama mfanyabiashara hadi alipofariki Oktoba 2007 akiwa na umri wa miaka 73.

Njia ya Lo Hsing Han haikuwa tofauti sana. Alikamatwa Thailand mwaka wa 1973 na kurudishwa kwao, akahukumiwa kifo. Kosa lililomponza lilikuwa uhaini, wala si mihadarati, kwa kuwa alikuwa amejiunga na waasi baada ya vikosi vya Ka Kwe Ye kuvunjwa. Aliachiliwa mwaka wa 1980, na miaka tisa baadaye serikali ilimhitaji.

Mwaka wa 1988, wananchi walikuwa wamefurika barabarani kudai demokrasia na jeshi likawaua kwa maelfu. Misaada ya nchi za magharibi ilikatizwa na hazina ya fedha za kigeni ikakauka. Kisha mwaka wa 1989, chama cha Kikomunisti cha Burma, kilichokuwa kundi kubwa zaidi la waasi, kilisambaratika baada ya wapiganaji wake wa kabila la Wa na wa Kokang kuwaasi viongozi wao.

Hofu ya majenerali ilikuwa kwamba wapiganaji hao wenye silaha wangeungana na wanafunzi waliokimbilia mipakani. Mkuu wa ujasusi, Khin Nyunt, alikwenda kuzungumza nao, na miongoni mwa waliomtengenezea njia alikuwa Lo Hsing Han. Makubaliano ya kusimamisha vita yakafikiwa haraka. Makundi hayo yalibaki na bunduki zao, ardhi zao na biashara zao.

Matokeo yalionekana mashambani. Kufikia katikati ya miaka ya tisini, Burma ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 1,500 za afyuni kwa mwaka. Matokeo mengine yalionekana mijini. Hoteli, kampuni za ujenzi na benki zilichipuka katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa hoi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka wa 2001, jopo la kimataifa linalopambana na utakasaji wa fedha haramu, FATF, liliiweka Burma katika orodha ya nchi zisizoshirikiana nalo. Mwaka wa 2008, Marekani ilimwekea vikwazo Lo Hsing Han, mwanawe na kampuni zao, ikiwahusisha na ufadhili wa utawala wa kijeshi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Mihadarati haikuleta amani wala ushindi. Iliwapa majenerali mwanya wa kuchagua adui wa kupigana naye leo na wa kumwacha hadi kesho. Iliwapa wanamgambo wasiolipwa mshahara. Iliwapa pia hoja ya kudumu: kwamba bila mkono wa chuma, nchi itamezwa na walanguzi.

Hoja hiyo ilisikika hadi ughaibuni. Kuanzia miaka ya sabini, Marekani iliipa Burma helikopta na baadaye dawa za kunyunyizia mashamba ya mpopi. Waasi na watetezi wa haki walilalamika kuwa vifaa hivyo vilielekezwa vijijini kwa waasi, ilhali mashamba ya wanamgambo waliokuwa upande wa serikali yalinawiri. Msaada huo ulikatizwa mwaka wa 1988.

Isidhaniwe kwamba waasi walikuwa malaika. Wengi walianza na madai ya haki, wakatoza ushuru wa afyuni kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, na mwishowe ushuru ukageuka kuwa lengo. Kamanda ambaye kipato chake chatokana na njia ya magendo hupoteza kila kitu siku amani inapoleta polisi, mahakama na forodha. Kwake, vita visivyo na mshindi ndiyo biashara bora. Vivyo hivyo kwa kanali wa serikali anayepokea bahasha katika kizuizi cha upande wa pili.

Mwaka wa 2005, viongozi wa Wa walipiga marufuku kilimo cha mpopi katika eneo lao, mwaka uleule ambapo mahakama ya Marekani iliwafungulia mashtaka makamanda wao kadhaa. Mashamba ya afyuni nchini humo yalipungua hadi chini ya hekta 22,000 mwaka wa 2006. Mashirika ya kimataifa yalipiga makofi.

Kumbe biashara ilikuwa inabadilisha nguo. Methamfetamini haihitaji shamba, mvua wala mkulima. Huhitaji kemikali, ambazo nyingi huvushwa kutoka nchi jirani, mtambo, na mtu mwenye bunduki wa kuulinda mtambo huo. Kati ya Februari na Aprili 2020, polisi wa Burma walinasa katika jimbo la Shan tembe zipatazo milioni 193, katika eneo la wanamgambo ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa washirika wa jeshi. Oktoba 2021, polisi wa Laos walipata tembe milioni 55 ndani ya lori moja lililobeba makreti ya bia.

Kufikia wakati huo, mapinduzi ya Februari 2021 yalikuwa yamekwisha kufanyika. Jenerali Min Aung Hlaing aliitupilia mbali serikali iliyochaguliwa, akamtia ndani Aung San Suu Kyi, na vijana waliokuwa wakiandamana kwa amani wakaishia kushika bunduki. Makundi ya zamani ya makabila yaliwafunza na wakati mwingine kuwapa silaha. Vita vikaenea hadi maeneo ya kati ambayo yalikuwa yameishi kwa utulivu kwa miongo mingi.

Takwimu za ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mihadarati na uhalifu, UNODC, zinasimulia kilichofuata. Uzalishaji wa afyuni ulipanda hadi tani 1,080 mwaka wa 2023. Ulishuka kidogo mwaka wa 2024 hadi tani 995, lakini mwaka wa 2025 eneo la mashamba lilitanuka kwa asilimia 17 na kufika hekta 53,100. Kuhusu methamfetamini, iliyonaswa Mashariki na Kusini Mashariki mwa Asia mwaka wa 2024 ilikuwa tani 236, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kushuhudiwa.

Ni rahisi kumlaumu mkulima. Hata hivyo, mkulima wa Shan hakuchagua kati ya mema na mabaya. Sarafu imeporomoka, mbolea imepanda bei, barabara ya kwenda sokoni imefungwa na mapigano, ilhali mnunuzi wa afyuni angali anakuja mlangoni na kulipa zaidi ya dola 300 kwa kilo. Anayetaka ang'oe mpopi lazima kwanza amwonyeshe atakachowapa watoto wake kabla ya mavuno yajayo.

Burma ilikuja kuongoza duniani kwa uzalishaji wa afyuni mwaka wa 2023 kwa sababu nyingine pia, nayo yatoka Afghanistan. Utawala wa Taliban ulipiga marufuku zao hilo Aprili 2022. Mwaka uliofuata, mavuno ya Afghanistan yaliporomoka kwa asilimia 95, kutoka tani 6,200 hadi tani 333. Pengo hilo lilipandisha bei, nayo bei ikawaita wakulima wa kwingineko. Amri iliyotiwa saini Kandahar ilisikika katika vilima vya Shan.

Kabla ya marufuku hiyo, Afghanistan ilikuwa imetoa funzo lilelile kwa miaka arobaini: mujahidina, wababe wa kivita, maafisa wa serikali iliyoungwa mkono na nchi za magharibi, na Taliban wenyewe, wote kwa nyakati mbalimbali walitoza au kulinda biashara hiyo. Wapwani wa Kenya wanalijua zao hilo kwa karibu. Aprili 2014, manowari ya Australia ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini katika jahazi lililokuwa baharini mashariki mwa Mombasa. Mwaka huohuo, serikali ya Kenya iliilipua na kuizamisha baharini meli iliyokamatwa na mzigo kama huo.

Afrika nayo ina mfano wake ulio wazi zaidi, nao ni Guinea-Bissau. Huko hakuna mpopi wala kiwanda. Kuna visiwa vya Bijagos, vipatavyo 88, vingi vikiwa havina watu, na jeshi lililozoea siasa tangu vita vya ukombozi. Katikati ya miaka ya 2000, walanguzi wa kokeini kutoka Amerika Kusini waligundua kwamba ni nafuu kukodi maafisa wa nchi maskini kuliko kuwakwepa wa nchi tajiri.

Machi 2009, mkuu wa majeshi, Jenerali Batista Tagme Na Waie, aliuawa kwa bomu, na saa chache baadaye wanajeshi wakamuua Rais Joao Bernardo Vieira. Aprili 2010, Marekani ilimwekea vikwazo aliyekuwa mkuu wa jeshi la wanamaji, Bubo Na Tchuto, pamoja na mkuu wa jeshi la anga, ikiwahusisha na ulanguzi. Aprili 2012, wanajeshi walipindua serikali kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Mwaka mmoja baadaye, maafisa wa Marekani walimnasa Na Tchuto baharini kwa mtego, naye alikiri makosa na kufungwa miaka minne.

Funzo halikudumu. Septemba 2024, ndege iliyotoka Venezuela ilikamatwa katika uwanja wa Bissau ikiwa na zaidi ya tani mbili na nusu za kokeini. Novemba 2025, siku moja kabla ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, wanajeshi walitwaa mamlaka tena. Miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba kulikuwa na njama ya kuvuruga nchi iliyomhusisha mlanguzi wa mihadarati.

Iwapo madai hayo ni ya kweli au la, msomaji atatambua wimbo wenyewe. Ndio ulioimbwa Yangon. Mihadarati huwafadhili wenye bunduki, kisha huwapa sababu ya kutoziweka chini.

Mkenya aweza kuuliza yanamhusu nini mambo ya milima ya mbali. Jibu la kwanza limo katika kesi ya ndugu wawili wa familia ya Akasha, Baktash na Ibrahim, waliohamishiwa Marekani Januari 2017 na baadaye kufungwa miaka 25 na 23. Waendesha mashtaka waliieleza mahakama ya New York jinsi hongo ilivyowafikia polisi na maafisa wa mahakama nchini Kenya. Kenya haikuwa na vita. Lakini taasisi zilizonunuliwa ni zilezile ambazo kutokuwepo kwake huifanya nchi iingie vitani na ishindwe kutoka.

Jibu la pili linatoka Burma kwenyewe. Tangu mwaka wa 2022, makumi ya vijana Wakenya wamelazimika kuokolewa kutoka kambi za utapeli wa mitandaoni karibu na mpaka wa Thailand. Waliahidiwa kazi nzuri, wakajikuta wamefungiwa nyuma ya kuta zenye walinzi, wakilazimishwa kuwalaghai watu wasiowajua. Kambi kama hizo zilistawi Kokang na kando ya mto Moei, katika ardhi za wanamgambo waliofungamana na jeshi.

Huo ni mkataba uleule wa mwaka wa 1963 ukiwa na bidhaa mpya. Mwenye bunduki hukodisha ardhi, mhalifu hulipa, na serikali hugeuza macho mradi bunduki isielekezwe kwake. Ilikuwa afyuni, ikawa heroini, ikawa tembe, na sasa ni binadamu mbele ya kompyuta. Wajukuu wa taifa lililopeleka askari Burma mwaka wa 1944 wamerudi huko wakiwa mateka.

Je, kuna njia ya kutoka? Wapo wanaoshikilia kwamba mihadarati ipigwe vita kwanza, na amani itafuata kwa kukosa mafuta. Uzoefu wa Burma unawapinga. Kila mara kamanda mmoja alipoondolewa, mwingine alichukua njia zake. Kila shamba lilipofyekwa, jingine lilifunguliwa ng'ambo ya kilima. Khun Sa alipojisalimisha, heroini haikukosa mwenyewe.

Wengine husema amani ije kwanza, hata kama ni ya kuwaachia walanguzi biashara yao. Hiyo ndiyo amani ya Khin Nyunt ya mwaka wa 1989. Ilinyamazisha baadhi ya bunduki, lakini iliziacha zikiwa zimejaa risasi. Oktoba 27, 2023, kundi la Kokang lililokuwa la kwanza kutia saini makubaliano hayo lilikuwa miongoni mwa majeshi matatu yaliyoanzisha mashambulizi makubwa zaidi dhidi ya utawala wa kijeshi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Thailand, ng'ambo tu ya mpaka, inaonyesha njia ya tatu. Ilikuwa na wakulima wa mpopi na milima ileile. Kuanzia 1969, mradi ulioanzishwa na mfalme uliwapa wakulima hao mbegu za mboga, matunda na kahawa, pamoja na barabara, shule na soko la uhakika. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 30. Iliwezekana kwa sababu mkulima aliamini kuwa barabara itakuwa wazi mwaka ujao na kwamba hakuna askari atakayemfukuza shambani.

Imani hiyo ndiyo inayokosekana Burma, na haiwezi kuletwa na helikopta wala na uchaguzi kama ule uliofanyika Desemba 2025 na Januari 2026, ambao sehemu kubwa za nchi hazikushiriki. Itahitaji mapatano ambayo watu wa Shan, Kachin na wengineo watapata ndani yake walichoahidiwa na Jenerali Aung San katika mkutano wa Panglong, Februari 1947, miezi mitano kabla ya kuuawa kwake: kujitawala nyumbani kwao na usawa katika taifa.

Itahitaji pia jeshi linalolipwa kutoka hazina ya serikali, linalohesabiwa na bunge na linalokatazwa kukodisha vita vyake kwa wanamgambo. Mahali ambapo askari anajitafutia chakula, siku zote atatokea mtu wa kumlisha, na huyo ndiye atakayekuwa amiri jeshi wake.

Wazee wa KAR waliambiwa kwamba wanakwenda kuikomboa Burma. Wengi wao wamezikwa bila kujua kwamba bonde walilolipita kwa miguu lingali na bunduki, na kwamba mtoto wa yule mkulima aliyewapa maji njiani huenda bado hajaonja uhuru huo.